Valvu ya Kona na Ghorofa ya Saba

Jumatatu, 18 Agosti

Baridi ya kukata masikio. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tumeshainua mifuniko yote ya valvu mtaa wa Berea, hapa Joburg. Kazi ya leo: kutoa valvu iliyooza kwenye bomba kuu, mbele ya duka la nyama, na kuweka mpya. Ili uitoe lazima ufunge nyingine tatu zinazoizunguka, maji yasije yakakukuta shimoni. Mbili nilifunga mimi. Ya tatu, ya kona, alifunga Musa Mmalawi.

Zangu zilikuwa mizunguko ishirini na moja kila moja. Wenzangu huanza kuhema kwenye kumi. Mimi nilizungusha huku nawasimulia lile bomba la Jeppestown lililopasuka, nikalikalia kwa makalio saa mbili nzima mpaka vifaa vikafika. Maji yalininyanyua hadi nikawa naona juu ya robot, taa za barabarani. Musa anasema juzi nilipoisimulia ilikuwa saa moja. Ilikuwa saa mbili.

Valvu ya zamani ilitoka vipande vipande kama jino bovu. Mpya ikakaa. Saa tisa tukarudisha maji. Zangu mbili nilifungua. Nikaenda ya kona, nikatia ufunguo wa valvu, nikazungusha kushoto kuifungua. Ikagoma. Nikajua Musa ameshaifungua kabla yangu. Sikwenda kumuuliza. Nikaandika kwenye kadi: imefunguliwa kushoto, mizunguko 21. Themba, kapita wetu, msimamizi wa kundi, akauliza kama ilikuwa ngumu. Nikamwambia nimeifungua kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa unamenya ndizi. Akacheka, akaweka kadi kwenye faili.

Kesho Neema anatoka hospitali.

Jumanne, 19 Agosti

Neema, binti wa dada yangu, amerudi nyumbani na mtoto wa kiume. Amepasuliwa. Mume wake yuko Durban, analinda maghala, ruhusa hana mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mimi ndiye mume, ndiye mama, ndiye bibi.

Lifti ya jengo lao, hapo hapo Berea, ilikufa kabla mimi sijafika nchi hii. Ghorofa ya saba. Nikamwambia nitambeba mgongoni, nimewahi kubeba kinanda cha kanisa kutoka Yeoville hadi Berea peke yangu. Akasema, "Mjomba, kinanda hakina mshono." Tukapanda pole pole, tunapumzika kila ngazi kumi. Mtoto nilimshika mimi. Mwepesi mno. Nimeingia mashimo ambayo wanaume wazima waliyakimbia, lakini ngazi zile nilizihesabu moja moja kama mtoto wa shule.

Tulipofika, bomba halitoi kitu. Linakohoa tu.

Dada alipiga simu kutoka Uvira. Anataka mzazi akandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni, mgongo na miguu, mshono usiguswe, siku arobaini kama kwetu. Mama Riziki, Mrundi wa chumba cha pili, amekubali kumkanda. Dada akauliza, maji yapo? Nikamwambia maji ya mji huu yanapita mkononi mwangu. Akasema, "Huyo Neema ni mimi niliyeko huko. Basi nimekuachia wewe."

Jumatano, 20 Agosti

Maji yanapanda mpaka ghorofa ya tatu, yanaishia hapo. Waliobaki juu wanashuka na ndoo hadi bomba la uani. Nimewaambia watu wote kwenye ngazi kwamba ni pampu. Nimewaeleza pampu inavyokufa, hata mlio wake niliuiga. Mwenye jengo ni bahili, anajulikana. Wakakubali. Ninapoeleza mambo ya maji watu husikiliza.

Neema aliuliza, "Mjomba, si wewe ndiye mtu wa maji?" Hakunikejeli. Aliuliza akiwa na hakika. Nikamwambia nipe siku mbili.

Sijui nitafanya nini katika siku mbili. Pampu si kazi yetu. Kazi yetu inaishia barabarani.

Alhamisi, 21 Agosti

Ndoo nane. Nne kabla ya kazi, nne baada. Mzazi wa kukandwa, nepi, chakula, choo. Hazitoshi. Kufika ghorofa ya tano goti la kushoto linanisema vibaya.

Mwanamke msusi wa ghorofa ya nne alisimama mlangoni na kitana chake. "Eish, Mjomba. Mkuu wa maji wa Joburg nzima, leo jiji limekupa cheo cha ndoo?" Nikamwambia nafanya mazoezi, nataka kupigana ngumi na mtu. Wateja wake walicheka mpaka mmoja akavutwa nywele.

Nilikaa kidogo kwenye ngazi za ghorofa ya tano. Kidogo tu.

Ijumaa, 22 Agosti

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika.

Mama Riziki alinipigia simu saa nne. Neema alishuka mwenyewe na ndoo. Alifika nayo ghorofa ya sita, damu ikatoka. Nilimkuta kliniki, kwenye benchi, mtoto ananyonya kana kwamba hakuna lililotokea. Mshono umefunguka pembeni, kidogo, wameufunga. Nesi alinitazama mimi, hakumtazama Neema. Alisema akibeba tena anarudi kulazwa, na mtoto atabaki na nani.

Nilimuuliza kwa nini hakunisubiri. Akasema jana alichungulia kwenye ngazi akaniona nimekaa, macho nimefumba, mkono kifuani. Hakutaka nife kwa ajili ya nepi.

Nikampeleka kwa Mama Riziki, nikashuka kwa hasira kumtafuta Mzee Ncube, mwangalizi wa jengo. Nilimfokea mbele za watu. Mwenye jengo bahili, pampu imekufa, watu wanatoka damu. Alichukua funguo, akafungua chumba cha pampu. Pampu inanguruma vizuri kabisa. Akanionyesha saa ya presha. Maji yanayoingia kutoka barabarani ni dhaifu. Pampu itasukuma nini?

Nikauliza, tangu lini?

"Jumatatu, Madala," akasema, yaani mzee, ndivyo wanavyoniita hapa. "Mchana. Nyie si mlikuwa hapo kona?"

Nikatoka. Nikaenda kusimama juu ya mfuniko wa ile valvu ya kona.

Valvu karibu zote za mji huu zinafungwa kulia na kufunguliwa kushoto. Lakini ziko za zamani, chache, zimetengenezwa kinyume. Hizo kushoto ndiyo kufunga. Ukiikuta imefungwa ukazungusha kushoto, itagoma, kama vile imefunguka yote. Ndiyo maana Themba anatuambia kila siku, ikigoma upande mmoja jaribu wa pili, ndipo uandike. Sikujaribu. Nimempigia Musa nikamuuliza kama Jumatatu aliigusa baada ya kuifunga. Akasema hapana, aliifunga kushoto baada ya kulia kugoma, kisha akawa anafukia shimo. Akashangaa kwa nini naulizia.

Kwa hiyo mtaa mzima unapata maji ya upande mmoja tu. Ya chini yanafika. Ya juu hayafiki. Hakuna pampu iliyokufa wala bahili. Aliyemkatia Neema maji ni mimi.

Jumamosi, 23 Agosti

Niliamka na mpango. Yadi yetu ya kazi iko Jeppestown, dakika kumi kutoka chumba changu, na mlinzi ananijua. Nichukue ufunguo mkubwa, niende Berea, nizungushe kulia, maji yapande. Nani atajua? Watu watanibeba juu juu. Nilishaanza kutunga jinsi nitakavyosimulia.

Nilifika. Ufunguo niliushika. Ndipo nikaiona kadi akilini. Kadi itabaki inasema imefunguliwa kushoto. Siku moja kutakuwa na mwenzangu shimoni, juu watu wanasoma kadi yangu, wanazungusha kushoto au kulia kwa kuiamini. Na bomba lile ni kuukuu, maji yakiingia ghafla linapasuka, na mimi niko peke yangu. Mtaa wote utakauka, na Neema yuko ghorofa ya saba.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Hilo pia nililifikiria, tena sana. Nilirudisha ufunguo nikampigia Themba.

Alikuwa kwenye mazishi Soweto. Alikuja na lori, bado amevaa suti nyeusi na tai. Akachuchumaa kwenye mfuniko.

"Jumatatu uliizungusha mara ngapi, Madala?"

"Hata moja."

"Uliandika ishirini na moja."

"Niliandika."

"Na ile ndizi?"

"Hapakuwa na ndizi."

Alisubiri teksi mbili zipite. Kisha akanipa ufunguo. Kulia, pole pole. Kila mizunguko mitano alininyooshea mkono nisimame bomba lijae. Nilisikia maji yanapita chini ya miguu, sauti kama mtu anayeburuta mkeka. Hesabu ilifika ishirini na tatu. Hata ile namba niliyotunga haikuwa sawa.

Themba alipaka alama nyekundu kwenye mfuniko, doa moja likaingia kwenye kiatu chake cha mazishi. Akasema, "Ungeniambia imekushinda, ningekucheka siku moja, yakaisha." Jumatatu ataandika ripoti. Sikumwomba asiandike.

Jumapili, 24 Agosti

Maji yamefika ghorofa ya saba. Yalitoka ya kahawia, kisha meupe, kisha safi. Jengo zima lilipiga vigelegele. Walituona jana kona, wamejua ni mimi niliyeyarudisha. Yule msusi sasa ananiita Injinia. Mama Riziki alileta sahani ya ugali na nyama, nyama zaidi ya ugali. Mzee Ncube peke yake hakunisifu. Alinipa mkono tu, na hilo lilikuwa zito kuliko matusi.

Nilikula vipande viwili, sahani nikairudisha.

Nikafunga mlango, nikamwambia Neema yote. Kadi, ndizi, kushoto, kulia. Aliendelea kunyonyesha, hakunitazama. Akamhamishia mtoto upande wa pili. Akasema, "Nilidhani Mungu anatujaribu. Kumbe ni Mjomba."

Akaanza kucheka. Kicheko kinauma mshono, akashika tumbo, akawa anacheka na kuniomba ninyamaze wakati mimi sisemi kitu. Halafu kicheko kikageuka, akalia. Alisema aliogopa sana pale ghorofa ya sita. Alikaa chini na ile damu akifikiri mtoto ameamka ndani na hakuna wa kumchukua.

Nilimshika mguu, ule uliokuwa karibu nami, juu ya blanketi.

Baadaye nikasema nitampigia dada nimweleze. Akakataa. "Nitamwambia mwenyewe. Wewe utatia na mamba ndani ya bomba."

Jumatatu, 25 Agosti

Themba ameandika ripoti. Bosi alitaka niondoke leo hii. Themba alimwambia huyu mtu alijisema mwenyewe, hakuna aliyemkamata. Imeamuliwa hivi: wiki mbili nyumbani bila malipo, kisha narudi kwa mkataba mwingine, upande wa koleo, kuchimba na kufukia. Ufunguo anakabidhiwa Musa.

Miaka tisa ufunguo ule ulikuwa wangu. Imeniuma. Musa alikuja kuniuliza mambo ya zile valvu za kinyume, ziko wapi. Nikamchorea zote ninazozijua kwenye karatasi, mtaa kwa mtaa. Saba. Nilitaka kusema kumi na saba.

Jumatano, 27 Agosti

Wiki hii niko kwa Neema tangu asubuhi. Nafua nepi. Nimegundua njia yangu ya kuzikamua, lakini Mama Riziki anasema ni njia ya watu wote.

Mshono umekauka. Nesi kliniki leo alimruhusu kuoga, kuoga kwa kusimama, maji yanamwagika mwilini, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Bafu ni moja kwa vyumba vinne. Siku zote mtu akikaa humo dakika tano wanagonga mlango, wanagonga na ukuta, wanamtaja na mama yake.

Nilisimama koridoni na mtoto. Alikuwa amelala, shavu lake shingoni mwangu, amenilowesha mate. Mama Riziki akaja na taulo, akasubiri. Kijana mmoja fundi nguo wa chumba cha mwisho akaja na mswaki mdomoni, akasubiri. Tulisikia maji yanaanguka sakafuni, yanakatika, yanaanguka tena. Neema alikuwa anaimba kitu kwa sauti ya chini, maneno hayakusikika.

Alikaa humo muda mrefu sana. Hakuna aliyegonga.