Baiskeli ya Mujinga

Siku ya posho (Jumamosi), magaribi

Na kama nilisikia vibaya? Tangu saa tisa najiuliza, na chai imepoa mbele yangu.

Kesho binti Mujinga anashindana na baiskeli kwenye barabara ya Likasi. Yaya yake, mukubwa wake, alimutumia kinga, baiskeli ya mashindano, kutoka Bulaya, ya kaboni, nyepesi hata unaiinua na kidole kimoja. Leo aliileta kwangu fundi, nimupimie kiti na gido, usukani wake. Mbele ya kupima niligonga mabomba ya fremu na ufunguo, kama kawaida. Yote yalilia vizuri. Moja tu, karibu na pedali, sauti yake ilikuwa imekufa.

Ufa sikuuona, hata na torchi.

"Mama, hii kesho haupande," nilimwambia Mujinga.

"Tata Kapend! Yaya atasema nini?"

"Akasirike. Kaboni haipinde kwanza, inavunjika mara moja. Na kule kuna mutelemuko."

Alilia. Kisha alikwenda kwao kuleta kinga yake ya zamani, ya aluminiamu. Nilihamisha magurudumu na breki, nikapandisha kiti kidogo, nikashusha gido. Alikimbia nayo mupaka Musonoi na kurudi.

"Iko nzito," alisema akihema, "lakini mugongo hauumi."

Pale mulangoni aligeuka akicheka. "Mi naamini masikio yako, tata."

Hiyo njo inanikosesha raha. Kama nilikosea, nimemunyima ushindi bure. Na hii ya zamani pia, niliipima na masikio haya haya.