Ukurasa Ambao Sikuusikia

Dada Vero,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, lakini nikianza bila shikamoo mkono wangu hauendi.

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza niliichana. Ya pili ililowa maji ya samaki hapa hapa mezani kwangu, soko la Nyakato. Hii ya tatu naiandika nyuma ya karatasi zako, zile ulizokuwaga unazikatakata kwa kalamu nyekundu halafu unanipa nifungie wateja dagaa. Sikufungia hata moja, dada. Kila ulipouliza nilisema zimeisha, nipe nyingine. Zote ninazo, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Huo ni uongo wangu mdogo kwako. Upo mwingine mkubwa, na ndio unaonifanya nikikaa nisimame, nikisimama nikae, mpaka wateja wananiuliza, "Mama Nyangi, umekalia siafu?"

Mwezi wa nne huu tangu tukuzike Butiama. Watu walikuja wengi, wengine wakasimama mpaka barabarani. Sisi wanawake wa jumuiya tulipika tangu alfajiri. Ila wasifu wako, nisamehe kukuambia, uliandikwa na kamati. "Marehemu alikuwa kiungo muhimu katika nyanja mbalimbali za maendeleo ya lugha." Nikajikuta nimesema kwa sauti katikati ya watu, "Nani anaongea hivi?" Mama mmoja akanifinya mkono. Lakini hayo maneno ni yako, umeniharibu wewe. Miaka sita nimekusikia ukiuliza hivyo kila sentensi inapojivalisha koti na tai.

Hawakusema kwamba ulikuwa unazitoa sala kwenye Kiswahili unaziingiza kwenye Kizanaki chetu, na za Kizanaki unazirudisha kwenye Kiswahili, ukizipanga kushoto na kulia kama bwana na bibi harusi. Hawakusema kwamba barua za parokia, matangazo ya chanjo, hata barua za watu za kuwaomba wakwe msamaha, zote zilipita mezani kwako Kitaji zikatoka zimepungua uzito. Na habari za sikio hawakuzitaja kabisa.

Sikio lilikuwa mimi, Paulina wa darasa la saba, muuza samaki. Siku ile ya kwanza ulinunua sato wawili, ukanisikia namweleza mteja mwingine mahubiri ya Jumapili, ukasimama mpaka nikamaliza. Ukasema, "Mdogo wangu, umeyasema vizuri kuliko padre. Jumanne una kazi?" Kumbe kazi yenyewe ni kukaa kwenye kigoda! Basi kila Jumanne saa nane nikawa nafunga meza nakuja. Kwanza unaninyooshea kidole kwenye beseni: "Nawa mikono, Paulina. Bwana Yesu aliwapenda wavuvi, lakini karatasi zangu hazipendi samaki." Halafu unazima redio, unasoma ukurasa mara moja tu. Mimi karatasi siioni, nasikia. Ukimaliza unaifunika. "Haya, niambie kama unavyomwambia jirani." Nikiyarudia maneno yako unanuna: "Hayo ni yangu. Nipe ya kwako." Na nikisema kitu ambacho hukukikusudia, hukunilaumu mimi hata siku moja. Ulilaumu ukurasa. Unaikumbuka ile sala ya mzee mgonjwa? Nilikuambia, "Nimesikia kwamba Mungu ndiye kampa huyu mzee ugonjwa, na sisi tunashukuru." Ulicheka mpaka miwani yako ya kufungwa na uzi ikaanguka ndani ya chai. Ukakata mistari yote mitano.

Ukurasa uliosikika uliutia tiki kwenye kaunta buku lako. Usiosikika hauendi kuchapwa. Hiyo ndiyo sheria uliyokuwa nayo, na hukuivunja hata padre alipokuwa na haraka.

Subiri kidogo, mteja.

Nimerudi. Anataka sangara na sina sangara. Sasa nikuambie, maana nikizunguka zaidi nitaichana na hii.

Ni ile Jumanne yetu ya mwisho. Ulisema, "Leo tuna Sala ya Mama Aliyezika Mtoto." Ukanitazama kidogo, ukaanza kusoma. Na mimi nikaondoka. Mwili ulibaki kwenye kigoda, lakini mimi nilikuwa juu nahesabu mbao za dari, nikifika kumi na saba naanza upya. Sikutaka kusikia. Unajua Nyangi wangu alikwenda na homa ya siku tatu, akiwa darasa la tatu. Miaka kumi na miwili watu wananiita kwa jina lake kutwa nzima, na mimi naitika, lakini mwenyewe simtaji. Ulipomaliza nikakupa yale maneno yanayosemwa kila msiba: Mungu amtie nguvu, amfariji, yote tumwachie yeye. "Imekaa vizuri, dada," nikasema. "Imenyooka." Ukaniangalia juu ya miwani. Ukasema "Haya" tu. Ukaweka kalamu chini, ukaleta chai mapema kuliko siku zote, na karanga. Nikasema moyoni, nimepona.

Siku ya tano presha ikakuangusha mlangoni kwako. Sikuwa nimekuambia.

Masatu, mtoto wa kaka yako, yule mwalimu, alikusanya kurasa zote kwenye kompyuta yako akazipeleka Bunda kwa mtu wa chapa. Kwa nia njema kabisa. Kaunta buku lilikuwa limeshakwenda Butiama pamoja na nguo zako, wala hakujua kama lipo. Jumapili iliyopita nikasikia kanisani: kitabu cha sala cha marehemu Veronika kinachapwa Ijumaa. Watu wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga.

Maana nilijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua, kwamba mle ndani upo ukurasa mmoja ambao hakuna aliyeusikia. Na ni ule atakaosomewa mwanamke siku ambayo hata maji hayapiti kooni. Atakaa chini kwenye mkeka, watu wamemzunguka, na mtu atamfungulia ukurasa ambao mimi niliuitikia nikiwa nahesabu mbao.

Nilikwenda kuungama. Padre akanipa kitubio, akanisamehe kwa jina la Mungu, na ninaamini nilisamehewa kweli. Lakini ukurasa ulikuwa bado uko Bunda.

Nikampigia Masatu. Akasema, "Mama Nyangi, kitabu kina kurasa themanini na huo ni mmoja. Padre ameshapitisha. Na shangazi Kizanaki chake hakikuwa na kosa." Nikamwambia, mwanangu, sijasema lugha ina kosa, nasema hakuna mtu aliyesikia. Akanijibu kwa upole nipumzike, ni huzuni tu.

Sikupumzika. Jumatatu nilimwachia jirani meza nikaenda Bunda. Huyo mtu wa chapa nilimkuta amejaa wino mpaka kwenye nyusi. Nikamweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Mama yangu, mimi nachapa, sisomi." Nikamwambia, basi nakaa hapa. Nikakaa, nikatoa rozari. Nilipofika fumbo la tatu akazima mashine. "Wewe mama wewe! Una mpaka Ijumaa asubuhi. Ulete ukurasa mwingine, la sivyo nachapa huu huu." Akanipa nakala yake, ina alama ya dole gumba.

Kutoka pale sikuweza kurudi nyumbani. Nilishuka Kiabakari, nikapanda bodaboda mpaka Butiama kwa dada yako Getruda. Nilimwambia kila kitu kabla hata sijapewa maji ya kunywa. Aliingia ndani akatoka na kaunta buku lako, amelifunga kwenye khanga yako ya kijani.

Nikalifungua nikitafuta tiki. Nilitaka niuone uongo wangu kwa wino wako mwekundu, niumie, yaishe. Kurasa zote zina tiki, dada. Huo hauna. Umeandika, kwa mwandiko wako ule unaolalia upande: "Paulina hakuwepo. Tutarudia."

Nilikasirika! Nikamwambia Getruda, "Nilikuwepo, mbona! Nilikaa pale pale kwenye kigoda!" Ndipo mwenyewe nikakisikia nilichosema.

Kumbe ulijua. Hata ile chai ya mapema uliileta ukijua. Miezi minne najitesa kwamba nilikudanganya, kumbe hukudanganyika hata dakika moja. Ulikuwa unanisubiri, na mimi sikujua kwamba kuna mtu ananisubiri. Sijui kama hilo linanituliza au linanichoma zaidi. Asubuhi linanituliza, mchana linanichoma.

Kesho yake ilikuwa Jumanne, jana hiyo. Saa nane nikanawa mikono, ingawa sikuwa nimegusa samaki siku mbili. Nikakaa. Getruda akasoma pole pole, Kizanaki kwanza, halafu Kiswahili. Safari hii sikuhesabu kitu. Akaifunika karatasi. Nikasema, "Nimesikia kwamba kuna mama analia, na watu wamechoka na kulia kwake. Wanamwomba Mungu amsaidie amsahau Nyangi."

Hukuandika hivyo. Najua. Uliandika "umjalie kusahau uchungu wake." Lakini ndivyo nilivyosikia, na ni wewe uliyenifundisha kwamba ukurasa ndio unaolaumiwa.

Getruda aliiweka karatasi mapajani. Naye alizika watoto wawili. Wewe ulikuwa unajua, mimi sikujua. Mwishowe akaniuliza, "Sasa mdogo wangu, wewe ungetaka kuombewa nini?"

Dada, hilo swali sijawahi kuulizwa. Nikasema bila kufikiri: nipewe nguvu ya kulitaja jina lake. Ndipo nikalitaja. Nyangi. Nyangi. Nikamsimulia Getruda alivyokuwa anakula furu wa kukaanga na kichwa chake na mifupa yake, hakibaki kitu. Alivyokuwa anawabatiza kuku wa jirani kwa maji ya kuoshea vyombo, jogoo akampa jina la Askofu. Getruda akacheka, na mimi nikacheka, halafu tukalia mpaka watu wa nyumba ya pili wakaja kuuliza kuna msiba wa nani.

Ule mstari tumeukata. Badala yake tumeandika: "Umjalie kulitaja jina la mwanae, na sisi utujalie kumsikiliza." Getruda akaweka na Kizanaki chake, akakirudia mara nne mpaka kikakaa. Mkono wangu ndio uliopitisha kalamu kwenye kazi yako. Mimi wa darasa la saba! Kama tumekosea, sina pa kukuuliza, na hicho ndicho kinachoninyanyua kila nikikaa.

Nilimsomea Masatu kwa simu. Nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, kwa sauti ambayo si ile ya ualimu, "Padre nitamwambia mimi mwenyewe."

Getruda akaninyooshea kalamu nyekundu nitie tiki. Nikakataa. Sheria yako nyingine naikumbuka: ukurasa ukibadilishwa, hausikilizwi tena na sikio lile lile, unapelekewa mwingine.

Leo ni Jumatano. Meza ya tatu kutoka kwangu anakaa Neema, muuza mchicha, mtu wa kwetu. Alimzika mwanae kabla ya Pasaka, na wiki ileile alirudi sokoni. Asubuhi nilimfuata nikamwomba. Akayapanga mafungu yake ya mchicha, akayapangua, akayapanga tena. Akasema, "Njoo nyumbani kesho saa nane. Ila dada, sijui kama nitaweza."

Kwa hiyo nakuahidi. Nitausoma mara moja, nitaufunika, nitanyamaza. Nikiona amekaa lakini hayupo, sitamsukuma. Nitamletea chai mapema, na karanga, na nitaandika kwenye kaunta buku lako kwamba hakuwepo, tutarudia. Basi Ijumaa alfajiri nitakuwa mlangoni kwa yule mtu wa Bunda na rozari yangu, na safari hii sitaishia fumbo la tatu. Atasubiri. Wewe ulinisubiri.

Lala kwa amani ya Bwana, dada yangu. Kila misa nakutaja. Na wewe huko uliko niombee nisiondoke tena kwenye kigoda.

Hapa wamesimama wateja watatu wanataka sato, na mmoja ameshaanza kununa. Ngoja niwahudumie. Kesho, kabla sijagusa karatasi yako, nitanawa mikono.

Ni mimi,
Paulina, mama yake Nyangi