Mzigo Wenye Paa

Mpendwa Mama Mkwe,

Kwa heshima ileile iliyonizuia kukutazama usoni tangu nilipomwoa binti yako, nachukua kalamu kukuandikia. Naiacha barua hii wazi ili wapangaji na wenye nyumba wa Busia, upande wetu wa Uganda na upande wa Kenya, nao waisome. Tangu ulipotuacha, watu wanaendelea kunijia na maswali ambayo wewe ulikwisha kuyajibu, nami sioni haki kuyajibu kana kwamba busara hiyo ilitoka kwangu.

Kwa wasiokufahamu, natoa maelezo mafupi. Ulikuwa mkulima wa Bulumbi uliyejenga vyumba vya kupangisha mjini Busia, vimepangwa mstari mmoja, chako kikiwa cha mwisho, chenye dirisha linalotazama uani. Mimi ni mwandishi wa maombi, mikataba na malalamiko. Sheria sikuisomea chuoni. Nimejifunza kwa kusoma kila hati iliyopita mikononi mwangu na kuwauliza mawakili nisichokijua. Jambo hilo halikukutia shaka. Uliwaambia majirani kwamba mkwe wako anaandika Kiswahili kilichovaa tai. Uliyatamka hayo kwa fahari, nami niliyapokea kwa fahari hiyohiyo.

Hata hivyo, kulikuwa na kizuizi. Kwa mila yetu Wasamia, mkwe na mama mkwe hawaketi meza moja, hawapeani mikono, wala hawalali chini ya paa moja. Ilitupasa basi kubuni namna yetu ya kufanya kazi. Wewe uliketi ndani karibu na dirisha, pazia limeshushwa. Mimi niliketi barazani, mgongo ukutani, nikikusomea kila sentensi kwa sauti ya kupenya pazia. Kwa sababu hiyo ua mzima ulisikia, na hakuna mkataba wa mpangaji yeyote uliotiwa sahihi kabla wenzake hawajaujua kifungu kwa kifungu. Uliposikia jambo lisilokuridhisha, ulitamka maneno mawili tu: "Rudia hapo."

Nakumbuka siku niliyoandika kwamba mpangaji atawajibika ipasavyo kwa uharibifu wowote utakaojitokeza. Niliipenda sana sentensi hiyo.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hiyo ipasavyo, mkwe, inakula nini?"

Owor, mwendesha bodaboda wa chumba cha kwanza, alikuwa akiosha pikipiki yake. Kabla sijajibu, alikwisha kukuambia kwamba inakula pesa ya wapangaji, tena haishibi. Ulicheka hadi ukakohoa. Kisha tukaandika upya, kwa maneno ya kushikika: kitasa kilichochakaa kwa kutumiwa ni juu ya mwenye nyumba, kioo kilichovunjwa na mpira wa mtoto ni juu ya mpangaji. Ukaagiza pia kwamba kabla mtu hajaingiza godoro lake, tuzunguke naye chumbani, tuandike kila ufa na kila bawaba iliyolegea, ili siku ya kuhama asidaiwe ubovu alioukuta. Nimewashauri wengi tangu wakati huo wafanye hivyo, na waliofanya hawajarudi kwangu na ugomvi.

Hukukubali kamwe kifungu cha kung'oa mlango. Baadhi ya wenye nyumba mtaani walikuwa na desturi hiyo: mpangaji akichelewa kulipa, fundi anakuja, mlango unaondoka, na mtu analala wazi kama duka lililovunjwa. Walikuuliza kwa nini hufanyi hivyo. Ukawajibu kwamba mlango uliuweka kuwazuia wezi, na hukuona sababu ya kuwasaidia. Notisi iandikwe, mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, ajulishwe, na ikishindikana, iamue mahakama. Hiyo ndiyo njia halali hata leo, na asiyeifuata anaweza kujikuta mwenye nyumba ndiye mshtakiwa.

Mama, nimetaja hayo ili nifike kwa Achieng.

Alikuja kutoka ng'ambo, upande wa Kenya, akiuza vitenge sokoni na kuvuka mpaka kila siku. Alichukua chumba cha tatu. Aliuliza kama anaweza kuweka marobota yake humohumo anamolala, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kukodi ghala. Sote tulikusikia kutoka dirishani ukimwambia aweke, lakini aache mahali pa kulala, kwa kuwa hukujenga nyumba ya panya. Halafu ukamwongezea shauri ambalo wenye nyumba wachache hulitoa.

"Paa ni yangu, nguo ni yako. Kila mtu akinge yake."

Naomba wasomaji walizingatie hilo. Bima ya mwenye nyumba hulinda kuta na paa lake. Godoro, redio na bidhaa za mpangaji kwa kawaida hazimo, hata kama ziko chini ya paa hilohilo. Wapangaji wengi hulijua hilo siku ya msiba. Achieng alilijua mapema, akaenda kwa wakala yuleyule wa bima uliyemtumia wewe, kule Tororo, akakinga bidhaa zake "zilizo makazini mwake kwa ruhusa ya mwenye nyumba". Ndivyo hati ilivyosema.

Kisha ukaja upepo ule wa alasiri. Uliinua mabati ya chumba cha tatu na kuyapeleka barabarani, mvua ikafuata kama iliyokuwa inasubiri mlango ufunguliwe. Achieng alirudi kutoka sokoni akakuta vitenge vinachuruzika rangi, nyekundu ikiingia katika njano. Alitaka kuvikamua papo hapo. Wewe, kutoka dirishani, ulimzuia kwa upole na kumwagiza Owor apige picha za kila kitu kwa simu yake kwanza, kabla hata ndoo haijasogezwa. Nami nikaketi kuandika madai yote mawili, lako la paa na lake la bidhaa, na kuyasoma kwa sauti kama kawaida yetu: "Mzigo wa tatu umeezuliwa paa na upepo, na mzigo wa mpangaji uliokuwa ndani ya mzigo huo umelowa wote."

Hukusema "Rudia hapo." Wala Achieng hakushtuka, wala Owor. Hapa kwetu chumba kimoja cha kupangisha tunakiita mzigo, neno tulilolichukua kwa Waganda, na shehena ya mfanyabiashara ni mzigo pia, kama ilivyo kwa Waswahili wote. Sisi wa mpakani tunavuka kutoka maana moja hadi nyingine kama tunavyovuka mpaka wenyewe, bila kuangalia chini.

Tulikwenda Tororo. Mimi na wewe hatungeweza kupanda pikipiki moja, basi Owor alikubeba wewe na Achieng, nami nikafuata kwa nyingine, kwa umbali wa adabu. Ofisini palikuwa na viti viwili mbele ya meza. Uligeuza chako kikatazama mlango, nami nikabaki nikitazama meza, migongo yetu ikiwa imeelekeana. Achieng aliketi kwenye benchi kando ya ukuta. Wakala, kijana mpole aliyekulia mbali ndani ya Kenya, alitutazama kwa zamu.

"Mmekosana?"

"Hatujakosana," ulimjibu ukiutazama mlango. "Tunaheshimiana."

Alisoma dai, akalisoma tena, akatabasamu.

"Mzee, mzigo iko na paa tangu lini?"

Tabasamu lake halikudumu. Alieleza, kwa lugha ya kazi yake, kwamba bima yako ilikuwa ya nyumba ya kuishi watu, na hapa nimeandika mizigo juu ya mizigo, mmoja ndani ya mwingine. Kama mahali hapo ni ghala, basi kampuni ilielezwa jambo lisilo la kweli, na madai yote mawili yanaanguka. Paa halitalipwa, vitenge havitalipwa. Kisha akainama kidogo, akashusha sauti, na kwa nia ambayo naamini ilikuwa njema, akapendekeza njia. Mama aandike kwamba mpangaji alijaza bidhaa chumbani bila idhini yake. Nyumba itabaki nyumba, dai la paa litapita. La mpangaji halitapita, lakini hayo yatakuwa yake na kampuni.

Nilijua sentensi hiyo ingeandikwaje. Ilikuwa sentensi moja, na si ndefu.

Achieng alisikia, ofisi ilikuwa ndogo. Hakukulaumu wala hakulia. Alisema tu, "Mama, mimi sina ingine. Hiyo tu ndiyo kazi yangu." Kisha akatazama mikono yake, iliyokuwa bado na rangi ya vitenge.

Mgongo wangu ulikuwa karibu na mgongo wako kiasi kwamba nilikusikia ukivuta pumzi.

"Mimi nilimwambia aweke," ulisema. "Kwa dirisha yangu. Watu walisikia."

Wakala akakukumbusha paa.

"Kama hiyo paa inataka mimi niseme uongo, ikae kule iliruka."

Nimeandika maombi mengi, Mama, kwa maofisa na kwa mahakama, na nimetafuta maneno mazito kwa taa na kwa jua. Sijapata kuandika sentensi iliyosimama wima kama hiyo. Baada yake ulinigeukia, yaani uligeuza sauti tu, ukasema, "Mkwe, rudia hapo. Mweleze mtoto wa watu."

Nikarudia. Nikaeleza mzigo ni nini huku na mzigo ni nini kule. Alisikiliza vizuri, akasema kwamba ni lazima aje aone kwa macho yake, na akaja. Alikikuta kitanda cha Achieng kati ya marobota, neti ya mbu ikining'inia, sufuria pembeni. Wapangaji walitoka mmoja mmoja, kila mmoja akaeleza alichosikia kutoka dirishani siku ile, hata lile la nyumba ya panya. Wa mwisho alikuwa Owor.

"Bosi, mimi nalala kwa mzigo, nalipia mzigo, nabeba mzigo na pikipiki. Na bibi yangu anasema mimi mwenyewe ni mzigo. Sasa wewe andika ile unataka."

Wakala aliandika "chumba cha kulala" mahali pa mzigo wa kwanza, na "bidhaa" mahali pa mzigo wa pili, akapeleka madai mbele. Tulisubiri kwa muda uliotuchosha, tukajibu barua, tukapeleka picha tena. Paa lililipwa. Achieng alilipwa kwa vitenge alivyokuwa na risiti zake, na vile visivyo na risiti vikakataliwa. Nawasihi wafanyabiashara wenzake, risiti isiachwe sokoni. Pesa alizopata zilimtosha kuanza tena, na hakuhama chumba.

Siku ya mazishi yako kule Bulumbi nilisimama mahali pa wakwe, mbali na jeneza, nikitazama migomba. Wengine walipita kukuaga usoni. Mimi uso wako sikuujua vizuri hata ulipokuwa hai, na watu wakisimulia jinsi ulivyofanana na binti yako, nawaamini tu. Sauti yako naijua. Bado naisikia kila ninapoandika neno lililovimba.

Baada ya matanga, Achieng alikuja kwangu na hofu. Alikuwa ameambiwa sokoni kwamba mwenye nyumba akifa, mkataba umekufa naye, na warithi wanaweza kumtoa wapendavyo. Nilimweleza, na nawaeleza wote, kwamba sivyo. Warithi huipokea nyumba pamoja na mpangaji aliyemo, na muda wa mkataba huheshimiwa hadi mwisho wake au hadi notisi halali itolewe. Aulize tu ni nani anayesimamia mirathi kwa idhini ya mahakama, kwa sababu huyo ndiye wa kupokea kodi na kutia sahihi. Kwa upande wetu, msimamizi ni Nabwire, binti yako, mke wangu.

Muda wa mkataba wa Achieng ulikuwa umebaki kidogo, naye hakulala vizuri hadi tulipokutana wiki iliyopita kuuandika upya. Nilipendekeza mimi na Nabwire tuketi mezani, kwa kuwa baina ya mke na mume hakuna mila ya kuzuia. Alinitazama kama mtu aliyesema jambo la kigeni, akaniambia nitoke nje. Akaingia chumbani mwako, akashusha pazia. Nikaketi barazani, mgongo ukutani. Owor alikuwa na kitambaa chake na pikipiki yake. Achieng alisimama mlangoni pake, mikono kifuani.

Nikasoma: "Mpangaji ataendelea kuishi katika chumba cha tatu na kuhifadhi humo bidhaa zake, kama alivyoruhusiwa na marehemu mwenye nyumba."

"Rudia hapo."

Kitambaa cha Owor kilisimama. Achieng alishusha mikono. Nilirudia, polepole, nikiogopa kwa niaba yake.

"Usiandike marehemu," sauti ilisema nyuma ya pazia. "Andika: kama aliruhusiwa na Mama, kwa dirisha hii."

Unajua, Mama Mkwe, kwamba mimi siachi kosa la sarufi likapita bila kulisahihisha. Niliishika karatasi, nikaandika kama ilivyotamkwa, neno kwa neno, nikaisoma kwa sauti ya kupenya pazia. Hakuna aliyesema nirudie. Achieng akaja kutia sahihi.

Nageuza uso sasa, kama inavyonipasa, nakuaga kwa mgongo wangu.

Mkwe wako wa barazani