Ombi Langu Kambini

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Uliondoka siku ileile niliyorudi kutoka kambi ya vijana wa kanisa, sikuwahi kukusimulia. Hema letu lilivuja, sauti ikamkauka mwalimu wa kwaya, na chai ilinuka moshi siku zote tano.

Kwenye maombi kila mmoja alitaja mtu wa kuombewa. Nikakutaja wewe. Wakauliza, "Tumwombee nini hasa?" Nikasema una mimba na nyumbani hawajui. Habari ilifika kwa baba kabla ya mabegi yetu.

Kwa hiyo aliyekuchongea si mke wa mchungaji, kama unavyodhani. Ni mimi. Pale mlangoni, sanduku mkononi, ulinishukuru kwa kukutunzia siri. Nikakujibu, "Usijali, dada."

Mdogo wako,
bado nalala upande wangu wa kitanda.