Bubu, Jambazi na Kikombe cha Kahawa

Jumatatu, 6 Oktoba

Simu nimeizima tangu asubuhi. Mbio za magari zinakimbizwa Amerika Jumapili, huku kwetu Maskati watu wamelala. Baba anazirekodi, tunazitazama Jumatatu nikishatoka kazini, baada ya alasiri. Ofisini hakuna hata mmoja anayezifuata, lakini sibahatishi. Kujua mshindi mapema ni kama kula futari saa nane mchana.

Leo zilikuwa tamu kupita kiasi. Magari yenyewe ukiyatazama ni kama haya ya kununua dukani, ila yamebandikwa matangazo mwili mzima na yanakwenda kama yametumwa na shetani. Kiwanja kina umbo la yai. Kushoto, kushoto, kushoto. Mama amepita na sinia lake akasema kama kawaida yake: ngamia wa kinu cha mafuta. Kisha ikatokea ajali, akasimama kutazama mpaka ikaisha.

Baba aliyajua haya jangwani, alipokuwa fundi wa mitambo kwenye kambi ya wachimba mafuta. Mmarekani mmoja alikuwa na kanda za video, na kambini hakukuwa na kingine cha kutazama. Madereva Baba aliwapa majina ya kwetu. Wa kwake ni Bubu, aliyekuwa hajibu waandishi. Mwingine ni Jambazi, ambaye hatajwi humu ndani bila ya laana, kwa sababu alimgonga Bubu kwa nyuma raundi ya mwisho, katika mbio za mwisho za Bubu kabla ya kustaafu, akamtupa ukutani na kombe akalichukua yeye. Wote wawili wamestaafu zamani. Ugomvi haujastaafu. Kila Jumatatu, matangazo yakiingia, Baba ananithibitishia upya kwamba Bubu ni dereva mkubwa kuliko wote waliopata kushika usukani.

Mimi naona mkubwa ni Jambazi. Nimeona hivyo tangu nina miaka tisa. Sijapata kulisema hapa nyumbani na silisemi.

Lakini habari ya leo si hiyo. Habari ya leo ni kwamba Ijumaa watu wa kwao Nasser wangu wanakuja kuniposa! Mama kamwambia Baba katikati ya matangazo. Baba kasema alhamdulillahi, akaongeza sauti ya televisheni.

Jumatano, 8 Oktoba

Siamini. Baba yake Nasser, Mzee Said mwenye duka la vipuri Hamriya, naye anazitazama! Gari zile zile. Nasser amenambia leo kama jambo dogo tu, tuko kwenye simu: "Mzee wangu naye ana huo ugonjwa wenu." Yeye mwenyewe hajui raundi wala bendera. Nilipiga kelele mpaka wenzangu ofisini wakadhani nimefiwa.

Katika Maskati nzima nilidhani ni sisi wawili tu. Na Mungu kaniletea mkwe wa namna hiyo. Wao ni watu wa Tabora, sisi wa Unguja, na shangazi zangu tayari wameshaanza la Wabara hivi na Wabara vile. Nikaona hili litamaliza yote.

Nikamwambia Nasser, muulize mzee wako nani mkubwa wao.

Baada ya chakula cha mchana akanitumia jina. Nimelisoma mara tatu. Jambazi.

Moyo umeruka kwa furaha, kisha ukaanguka. Nimempigia Nasser papo hapo. Mwambie mzee wako, chondechonde, asizungumze magari mpaka kahawa inywewe. Kahawa kwanza. Magari baadaye, hata mpaka asubuhi.

Alkhamisi, 9 Oktoba

Nimesafisha majlisi ya wageni mwenyewe. Mito, zulia, vyetezo. Kile kigari kidogo cha Bubu cha kuchezea, ambacho Baba amekipanga kwenye rafu kama kombe, nimekificha chumbani kwangu chini ya kanga. Sibahatishi.

Najua mambo yatakavyokwenda. Wageni wataingia, watapewa kahawa, na mkubwa wao atakiweka kikombe chini bila ya kukionja. Hiyo ndiyo ada. Mwenye haja hanywi. Mwenye nyumba atasema: kunywa kahawa yako, ulilojia umepewa. Akinywa, nimeposwa. Neno moja na funda moja.

Sili kitu. Nimekula halua ya wageni kidogo tu pembeni, Mama hajaona.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nitaandika yote.

Walikuja baada ya alasiri. Nimesimama ukumbini nyuma ya mlango na Mama kanishika kiuno. Ami Hamed, mdogo wake Baba, ndiye aliyeshika dele la kahawa. Akamimina. Mzee Said akapokea kikombe, akakiweka chini. Vizuri. Nikamfinya Mama.

Salamu. Hali. Watoto. Joto limepungua. Mzee Said akakohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kuanza. Na hapo hapo nikamsikia anasema: "Aisee, ile gari pale kwenye rafu si ya..."

Mama na mimi tukatazamana. Kigari kilikuwa chini ya kanga zangu! Mtu kaingia chumbani kwangu akakirudisha, na mtu huyo namjua.

Basi likaanza. Na niseme kweli, kwa muda ilikuwa raha isiyo na mfano. Watu wawili ambao kwa miaka na miaka wamekuwa wakibishana na kuta, leo wamekutana. Baba anasema Bubu alishinda na magari mabovu, mwengine yeyote yangemfia njiani. Mzee Said anasema kombe halijali gari, linajali nani kafika. Baba anasema Jambazi hakufika, aliiba. Mzee Said anasema katika mchezo ule kugongana ni kama kupigana kumbo sokoni, asiyetaka kuguswa akaendeshe teksi. Nilikuwa naitikia kwa kichwa huko nyuma ya mlango. Mzee Said alikuwa anasema yote niliyokuwa nayo moyoni tangu utoto. Sauti zimepanda, mikono inachora kona hewani, Ami Hamed kasimama na dele hajui amwangalie nani.

Na koo la Mzee Said likamkauka. Katikati ya sentensi, mkono ukashuka, ukaokota kikombe, akanywa. Akakitikisa kabisa, kwamba imetosha. Akaendelea na Jambazi wake.

Mama akaniachia kiuno.

Nasser nilimwona kwa upenyo wa mlango. Uso wake siusahau.

Kila mtu alijua la kufanya: Ami Hamed amimine kingine, watu wacheke, tuanze upya. Baba akainua mkono, Ami Hamed akazuilika. "Naona kahawa ishanyweka, Sheikh Said," Baba akasema, taratibu, kwa adabu zote. "Basi hapana tena haja kati yetu."

Wakakaa kidogo kwa heshima. Wakaondoka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Namchukia Baba leo. Nimeandika na sifuti.

Mama hasemi naye ila kwa kupitia kwangu. Mwambie baba yako chai iko tayari. Baba yuko hatua mbili. Ami Hamed kapiga simu mara mbili kumwambia kwamba mzaha una mpaka. Baba anajibu kwamba hajafanya mzaha, ada ni ada, kahawa ni kahawa.

Nasser anasema mzee wake kajifungia. Aibu imemla. Anasema mtu aliyesahau kikombe chake kwenye majlisi ya watu, mbele ya mwanawe, hana uso wa kurudi pale. Hakasiriki. Ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba hakasiriki.

Mmoja hawezi kurudi, mwengine hataki kuita. Na mimi niko katikati. Nimekwenda kuosha gari. Lilikuwa safi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Simu sikuizima. Mshindi nimemjua saa tatu asubuhi, kwa kusudi.

Niliporudi nikapita moja kwa moja chumbani. Nikasikia mbio zinaanza. Nikasikia karanga zinabanjwa. Kisha nikamsikia Baba anasema kwa sauti ya furaha, "Umeona hiyo, Raya?" Na baadaye kidogo sauti ya televisheni ikashushwa, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Nikatoka. Sikupanga cha kusema. Nikamwambia najua kigari alikirudisha yeye. Hakukana. Alitazama karanga zake. Nikamuuliza kwa nini, Nasser ana kosa gani? Akasema Nasser hana kosa. Mtoto mzuri, mwenye dini na kazi.

"Lakini Jumatatu mie ntakaa na nani?" akasema.

Ningeweza kumkumbatia. Ningeweza pia kumrushia sinia. Badala yake nikamwambia lile lililonijia, na sijui lilitoka wapi.

"Miaka yote unamlaani Jambazi. Ijumaa umenigonga kwa nyuma, Baba, na ilikuwa raundi yangu ya mwisho."

Kwenye kioo mtu kashinda, moshi wa magurudumu umejaa, na hakuna aliyekuwa anatazama. Nimerudi chumbani. Dereva wangu mwenyewe, nimemtumia kama tusi.

Alkhamisi, 16 Oktoba

Siku tatu Baba hajataja gari wala dereva. Leo kapiga pasi kanzu yake mwenyewe, kitu ambacho Mama hajakiona tangu aolewe. Kamwambia Ami Hamed kesho wana safari ya Khuwair ya Kusini, kwa kina Nasser. Mama kasema naye moja kwa moja kwa mara ya kwanza: kilemba gani utavaa?

Silali leo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ya Rabi. Naandika kama yalivyo, kwa maneno ya Ami Hamed, na Nasser naye kanihakikishia.

Walifika kwa Mzee Said bila ya kualikwa. Wakakaribishwa, hakuna aliyewafungia mlango. Nasser akamimina kahawa. Baba akapokea kikombe. Akakiweka chini.

Ami Hamed anasema pale hata kiyoyozi kilinyamaza. Baba wa msichana, kwenye nyumba ya mvulana, kaweka kikombe chini! Hilo halijaonekana Unguja, halijaonekana Tabora, halijaonekana hapa. Mzee Said akamtazama. Ikabidi aulize, ada ni ada. Haja yako nini, Sheikh?

Baba akasema haja yake ni wao warudi nyumbani kwake, wakae pale pale, waseme lile walilokuja nalo. Kosa la kikombe, akasema, lilikuwa lake yeye.

Mzee Said hakusema anywe. Aliiacha kahawa ipoe. Kisha akasema kuna jambo moja kwanza: nani mkubwa wao?

Ami Hamed anasema alianza kusoma aya zote anazozijua. Nasser alitaka kuzama kwenye zulia.

Baba akasema, "Hilo ntalijibu nikishakunywa."

Mzee Said akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kunywa kahawa yako, bwana. Ulilojia umepewa."

Baba akanywa mpaka tone la mwisho. Akakitikisa kikombe, akamrudishia Nasser. Kisha akasema: "Bubu."

Wamerudi baada ya isha, Baba sauti imemkauka kwa kubishana magari. Kesho kina Nasser wanakuja. Mama anapiga vigelegele jikoni peke yake, na mimi nimeruka kitandani kama mtoto, kitanda kimelia. Naolewa!

Jumatatu, 20 Oktoba

Simu nimeizima tangu asubuhi.

Jana na juzi nyumba ilijaa watu, leo imetulia. Kikombe cha Jumamosi kilinywewa kwa wakati wake. Harusi baada ya Idi. Mzee Said alileta zawadi, kigari cha Jambazi, na Baba amekiweka kwenye rafu, nyuma ya cha Bubu, mbali kidogo.

Tumetazama mbio sisi wawili. Hazikuwa na mengi leo. Bendera ya manjano mara kwa mara, magari yanafuatana polepole.

Katikati Baba akapunguza sauti ya televisheni. Akasema kwa miaka yote hii hajapata kuniuliza. Wako weye nani?

Nikamwambia.

Akaendelea kubanja karanga. Tangu lini? Tangu nina miaka tisa, nikasema. Akatikisa kichwa. Akasema basi nyumba ile itakufaa.

Akanisogezea karanga alizokwisha kubanja, zote, akaongeza sauti.