Neno la Mjomba Ameir

Mwanamwema uko wapi? Posa yangu ilitaka kuvunjika sasa hivi. Kwa neno moja la Kiingereza. Moja!

Idris mchumba wangu unamjua, kazaliwa hapahapa London, Kiswahili anasikia lakini kujibu hawezi. Kasimama mbele ya watu amsifu Ami Abdulsamad. Kamwambia ni mtu "avuncular".

Ami kavaa miwani, kalitafuta kwenye simu, kasoma kwa sauti. Maana yake mtu mpole, mwenye huruma, kama mjomba. Limetoka Kilatini, "avunculus", kaka wa mama.

Kaka wa MAMA, shoga.

"Mimi ndugu wa baba yake," kasema Ami. "Mimi ndiye walii. Mjomba haozeshi! Kanivua uwalii mbele ya wageni!"

Kavaa koti. Koti, Mwanamwema! Na bila Ami hakuna ndoa.

Idris anajitetea eti anko ni anko tu. Ndo kaharibu kabisa.

Na Mjomba Ameir yupo palepale anamimina kahawa. Yeye ndiye aliyenilea tangu baba afariki. Ami tukimwona Idi kwa Idi. Leo Mjomba hakuna hata aliyemtaja.

Kaweka dele chini. "Abdulsamad, vua koti. Kuozesha ni kwako, hakuna anayekunyang'anya. Hilo neno tu niachie mimi."

Ami kavua koti.

Sasa Mjomba kanifuata jikoni, kasingizia kashata. Kaniuliza, "Mwanangu, lile neno langu linatamkwaje?"

Nimeshindwa kulitamka.