Sahani ya Mama Wanjiru

Mpendwa kaka Barasa,

Najua barua hii itafunguliwa na askari jela kabla haijakufikia, kwa hivyo naiandika waziwazi tangu mwanzo. Wasome tu. Ulitarajia kutoka mwezi huu, upunguziwe kifungo kama wengine, lakini ukaambiwa utabaki ndani kwa sababu bado wewe ni hatari kwa watu wa nje. Nasikia umekuwa ukiuliza ni nani aliyekuchoma, aliyewapelekea maneno yako. Ni mimi, dadako wa tumbo moja.

Usiirarue kwanza.

Nakukumbuka ukibeba sahani. Hapa Makongeni, Mama akipika chapati Jumapili, lazima zingine zivuke hadi kwa Mama Wanjiru, mlango wa pili, na sahani hairudi tupu. Ikienda na chapati itarudi na mandazi, au mahindi ya kuchemsha, au hata vitunguu kama mwezi umekwisha vibaya. Mpelekaji ulikuwa wewe. Njiani ulikuwa ukimega ile chapati ya chini, unaifunika na ya juu, halafu unajiona mjanja kweli. Mama Wanjiru alijua siku zote. Akirudisha sahani aliongeza andazi moja pembeni na kukwambia, "Na hii ni ya miguu yako." Ulinigawia nusu kila mara, hata ukiwa na njaa, na mimi nikaenda kuringa shuleni kwamba hakuna mwenye kaka kama wangu. Mvua ikijaza maji pale kwa bomba ulinibeba mgongoni nisiloweshe viatu, huku ukilalamika kwamba ugali wote wa nyumba unaishia tumboni mwangu. Bado naringa juu yako, ukitaka kujua.

Kisha wewe na wenzako mkavamia kibanda cha Baba Wanjiru, kile anachotengenezea redio, na mkamvunja mkono wa kulia kwa chuma. Siku ile sahani yao ilikuwa kwetu kabatini, imeoshwa. Ikakaa humo humo miaka yote hii. Mama hakujua airudishe na nini, wala nani angeibeba.

Nilikuja kukuona kila nilipopata nafasi. Mara ya mwisho uso wako ulikuwa umevimba kwa ule ugomvi wenu wa huko ndani. Ulicheka, ukainama karibu na wavu ukaniambia, "Sista, ngoja tu nitoke. Yule mzee alisimama kortini akatoa ushahidi dhidi yangu, atajua hajui." Nilingoja useme ni mzaha. Ukaniuliza kama nimekuletea sabuni.

Afisa wa probesheni alipokuja nyumbani kuuliza kama tuko tayari kukupokea, Mama alikuwa ameshakununulia shati jipya. "Hata leo aje," alijibu. Afisa akanigeukia mimi. Mlango ulikuwa wazi, na nje Baba Wanjiru alikuwa akihangaika na kufuli yake kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia afisa ulichosema, neno kwa neno.

"Umemfungia ndugu yako mlango kwa mdomo wako," Mama aliniambia afisa alipoondoka. Tangu hapo hakuniita tena kwa jina.

Nililia, Kaka. Nimejiuliza hadi kichwa kikaniuma kama ni haki mtu azuiwe kwa jambo ambalo hajalitenda, na jibu la kunitosha sijapata. Ninachojua ni kwamba ningenyamaza, ungekuwa hapa sasa umevaa lile shati, na mimi ningekuwa nasikiliza kila unapoinuka kitini uelekee wapi. Sitaki kukuogopa. Nakupenda mno kuanza kukuogopa.

Jumapili hiyo Mama alipika chapati. Akaitoa ile sahani kabatini, akaijaza, akaisukuma mbele yangu. Nikaibeba hadi mlango wa pili. Mama Wanjiru alifungua mlango, akaitazama sahani yake muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi, akaipokea na kuingia ndani. Nikarudi nyumbani nikijua ndiyo basi.

Jana imerudi. Imejaa mandazi, na pembeni limo moja lililofungwa peke yake kwenye karatasi.

"Na hii ni ya miguu ya kaka yako," Mama Wanjiru akasema. "Lakini asitoke kwanza, Nekesa; mzee alikusikia ukimwambia afisa. Akitoka na hiyo hasira, sisi tutahama."

Hapo getini kwenu hawapokei chakula cha nyumbani, kwa hivyo andazi lako tuligawana mimi na Mama, nusu kwa nusu, kama ulivyokuwa ukinigawia. Aliniita jina langu alipokuwa akinipa.

Sasa sahani iko kwetu na zamu ni yetu. Jumapili nitaipeleka mimi kwa kuwa hupo, lakini hiyo ni kazi yako. Afisa ameniambia watakuangalia upya, na wakija tena kuuliza nitasema tena kile nitakachokuwa nimekisikia kwako. Nipe basi kitu kizuri cha kusema. Siku utakayoweza kubisha mlango ule bila mzee wa watu kutafuta pa kukimbilia, nitakuja kukuchukua mwenyewe, na shati lako mkononi, na chapati zitakuwa zimefunikwa zikikungoja.

Na ukimega ile ya chini njiani, hiyo sitamwambia mtu.

Anayekungoja bila kukuficha kitu,
Dada yako, Nekesa